Mkanda wa Nane

Marangu, 12 Februari 2023

Isack mwanangu,

Huku tunaamka, na kwa umri wangu kuamka ni habari tosha. Mguu unanisumbua asubuhi za baridi lakini ibada sijakosa. Ng'ombe amezaa, kazaa dume, tumemshukuru Mungu hivyo hivyo kwa sababu maziwa yapo. Mdogo wako Godbless amepanda mlima na wageni, atashuka Jumatano. Kaka yako Primus na mkewe wazima. Nisalimie mkeo, na huyo mjukuu aliyebeba jina langu mwambie Ndelilio mkubwa bado anatafuna mahindi ya kuchoma.

Boksi limefika. Nimelifuata mwenyewe stendi ya Himo, sikumtuma mtu, nikalibeba ndani ya kapu na ndizi juu yake. Pakiti za dawa za kusafishia picha nimezikuta zote, na mkebe mweusi, na kipimajoto. Maelekezo umeyaandika kwa herufi kubwa kama unaandikia watoto wa chekechea. Asante, imenifaa.

Uliposema tuandikiane, tuache simu, nilikuelewa. Simu yangu inachajiwa kwa Primus, na mkewe akiipokea anaweka sauti ya nje nyumba nzima isikie. Barua pitishia sanduku la usharika, dada wa ofisini ananipa mkononi.

Kopo la biskuti la marehemu baba yako nimelishusha darini. Ni kweli, iko mikanda minane ya picha ambayo hakuisafisha tangu wale wa kusafisha picha Moshi walipofunga. Ule wenye uzi mwekundu nimeuona, na kama ulivyosema siutumi kwa basi usije ukapotea. Ndio wa Krismasi ya 2014, siku alipokupeleka chini ya mfereji akakuonyesha kipande chako cha shamba, mkapanda masale ya mpaka, akanipa kamera akaniambia bonyeza. Primus anasema siku hiyo haikuwepo. Anasema kihamba, shamba la urithi, ni cha wa kwanza na wa mwisho, wa katikati hujitafutia, ndiyo desturi. Na baba yako mdogo Jackson amesema kikao cha ukoo ni Desemba, mwenye ushahidi alete. Haya yote nayajua Isack, usiniandikie tena kana kwamba nimesahau.

Swali langu ni moja. Mkono wangu gizani bado unajua, miaka kumi na moja nilikuwa namwingizia baba yako mikanda mkebeni pale studio yake ya picha. Lakini ile ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ya rangi sijawahi. Je, nikiharibu?

Mama yako,
Ndelilio


Masasi, 3 Machi 2023

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo. Joto la huku linatutoa jasho hata usingizini. Duka linaenda, wanafunzi wengi wanataka picha za pasipoti. Ndelilio mdogo ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka.

Hutaharibu, mama. Ukiweza kupika mtori usiungue, hii unaweza. Dawa ya kwanza joto la thelathini na nane, dakika tatu na robo, unageuza mkebe taratibu. Halafu dawa ya pili dakika nane. Maji. Dawa ya tatu dakika moja. Basi.

Dawa haimwagwi. Ukimaliza unairudisha kwenye chupa yake kwa faneli, kila moja na faneli yake, maana tone la ya pili likiingia kwenye ya kwanza umeua zote. Minya chupa mpaka dawa ifike mdomoni ndipo ufunge, kwa sababu hewa ndiyo inayoila. Kila mkanda chora mstari kwenye chupa. Kadiri mistari inavyoongezeka, ongeza sekunde kama nilivyokuandikia. Hivyo dawa moja inatosha yote minane.

Lakini sikiliza hapa. Dawa inachoka. Mkanda wa kwanza unapata nguvu zake zote, wa nane unapata mabaki. Na ikishachanganywa, wiki sita, saba, basi. Na mikanda yenyewe ni ya zamani. Ndiyo maana nimesema uzi mwekundu uwe wa kwanza. Ukitaka mazoezi, fanya mmoja tu, usizidi.

Ulikuwepo, mama. Wewe ndiye uliyebonyeza. Sikuombi uje useme mbele ya watu, najua unalala nyumba ya nani na nani anakukatia kuni. Ndiyo maana natafuta picha. Picha itasema, wewe utakaa kimya, na hakuna atakayekulaumu.

Isack


Marangu, 30 Aprili 2023

Isack baba,

Pole na joto. Huku masika imekuja kwa hasira, njia ya kwenda kanisani imekuwa tope tupu, mzee wa kanisa aliteleza tukajifanya hatukuona. Kahawa imechanua vizuri. Mambo ya shamba ni yale yale.

Nimeosha! Niliingia stoo ya kahawa mchana, nikaziba nyufa kwa magunia, nikaingiza mkanda gizani, na vidole havikuniangusha. Ila kipimajoto kilivunjika kabla sijaanza. Nilikiweka dirishani, ndama akapitisha kichwa. Nikakaa nikawaza, halafu nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunampima mtoto homa kwa mkono. Nikaenda kukamua. Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la ng'ombe mwenyewe, na daktari wa mifugo alishaniambia ng'ombe mzima ni thelathini na nane na kitu. Nikaweka kidole kwenye maziwa, kidole kingine kwenye beseni lenye chupa za dawa, nikawa naongeza maji ya moto mpaka vidole vikashindwa kugombana. Basi nikaanza.

Ulipotoka nililia. Ni harusi, ya watu wa Kilema, siwajui. Kila kitu kimegeuka, shela la bibi harusi jeusi, nyuso nyeupe, na mkanda wote una rangi kama ya chungwa lililoiva, lakini watu wapo, hata vifungo vya koti vinahesabika. Nikamwambia marehemu baba yako, Sifael, kazi yako hii hapa.

Siku ya pili nikaosha mwingine, na wiki iliyofuata mwingine. Mistari mitatu iko kwenye chupa. Wa uzi mwekundu bado. Usikasirike. Nataka mkono uzoee kabisa ndipo niuguse. Kitu cha thamani huanzi nacho, hata vikombe vya wageni huoshi vya kwanza maji yakiwa bado na mafuta ya sufuria.

Primus aliuliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia dawa ya kupe.

Mama yako


Masasi, 21 Mei 2023

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma dukani, wateja wakaniuliza nacheka nini. Ya vidole na maziwa nimemwambia mke wangu, akasema mama yako angekuwa mhandisi.

Halafu nikafika pale unaposema bado, nikaacha kucheka.

Vikombe na mkanda ni vitu viwili, mama. Vikombe vinangoja maji safi. Dawa haibadilishwi, ni ile ile, na sasa imeshahudumia harusi ya watu tusiowajua. Nilikuandikia mmoja. Umeosha mitatu.

Kuna jingine. Godbless alinipigia akiwa Himo. Kijana huyu hajui kuficha. Alikuwa anasifia miche ya parachichi ya Primus, mia na ishirini, namuuliza ameipanda wapi, akasema chini ya mfereji. Wewe umeniandikia mambo ya shamba ni yale yale. Na masale yangu? Godbless anasema hajawahi kuona masale pale. Mwaka ule alikuwa bweni, hakurudi Krismasi, simlaumu. Wewe ulikuwepo.

Osha huo mkanda siku utakayopata barua hii. Kabla hujala.

Isack


Marangu, 6 Agosti 2023

Mwanangu,

Najua nimechelewa. Barua yako ilinikuta na homa, nikakaa kitandani siku tisa. Nikaamka ikawa msiba wa jirani, tukapika siku nne. Halafu kahawa ikaiva yote kwa pamoja kama inavyofanya siku hizi. Sasa baridi ya mwezi wa saba ndiyo inaondoka. Nisalimie mkeo. Jino la mjukuu limeota?

Parachichi ni miche midogo tu, haina hata kivuli. Sikukuandikia kwa sababu ungekosa usingizi, na kukosa kwako usingizi kusingeing'oa. Masale usiniulize ni nani, Isack. Niliamka asubuhi moja nikakuta yamelazwa kando ya mfereji, mizizi juu. Niliyarudishia udongo. Kesho yake hayapo.

Nimeosha wa nne, wa tano, wa sita na wa saba. Yote kabla ya homa isipokuwa wa saba. Dawa ya kwanza imebadilika, ilikuwa kama chai ya rangi, sasa ni kama kahawa iliyolala. Nimeongeza muda kama ulivyoandika, na mingine nikaongeza kwa akili yangu. Wa sita ni kipaimara cha Godbless, hafifu lakini anaonekana, na wewe uko pembeni umeshika koti la baba yako. Wa saba watu wako kama wako nyuma ya moshi. Mwanamke mmoja nadhani ni mimi.

Sasa umebaki huo. Nimeuweka chini ya mto. Nakuomba usinikemee. Nitauosha wiki hii.

Mama


Marangu, 17 Septemba 2023

Isack,

Hatujambo. Ndama ameuzwa.

Nimeuosha Jumatatu. Nilifanya yote, vidole, maziwa, nikageuza mkebe kwa dakika nane badala ya tatu, nikaomba. Nilipoufungua ulikuwa mweupe. Si mweupe wa picha, mweupe wa nailoni ya mkate. Nimeuweka dirishani, nimeugeuza pande zote, nimeulamba hata pembeni kama mjinga nione kama ni uchafu umefunika. Naona mkono wangu upande wa pili.

Nakutumia ndani ya bahasha hii uuone mwenyewe. Labda kwa macho yako kuna kitu.

Mama yako


Masasi, 11 Oktoba 2023

Mama, shikamoo.

Nimeuweka juu ya taa. Pembeni mwa kila mkanda kiwanda huchapa namba, moja, mbili, mpaka thelathini na sita. Hizo hazipigwi na kamera, zimo hata kama hujapiga picha yoyote. Kwenye huu hata namba hazipo. Mkanda haukuwa mtupu. Dawa ndiyo ilikuwa imekufa, na picha yetu ikaoshewa kwenye maiti. Ilichanganywa Aprili. Wewe umeupeleka Septemba.

Ungeanza nao ungetoka. Hafifu, lakini ungetoka. Ningekiona kivuli chako chini, kwenye majani, maana jua lilikuwa nyuma yako. Nilikiona kivuli siku ile.

Sitapiga kelele. Nakuomba kitu kimoja tu. Kuhusu kikao cha Desemba nimeshamwandikia baba mdogo Jackson kwamba ushahidi wangu ni mama. Sitakuja, maana nikija itaonekana nimekulazimisha. Watakuuliza swali moja: Sifael alimpa Isack chini ya mfereji, ndiyo au hapana? Utajibu neno moja, halafu utarudi jikoni.

Isack


Marangu, 2 Januari 2024

Mwanangu Isack,

Mwaka umefika. Tulikuwa wengi, waliotoka Dar, waliotoka Arusha, magari yamejaa mpaka barabarani. Nguo ya mjukuu uliyotuma picha yake nimeiona, amependeza. Pombe ya mbege mwaka huu ilikuwa chungu.

Kikao kilikaa tarehe 28. Walinitoa jikoni, nikasimama na kitambaa cha vyungu mkononi. Baba yako mdogo Jackson akauliza kama ulivyosema, kwa adabu kabisa. Primus alikuwa amekaa mbele yangu. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu kama alivyokuwa akinitazama akiwa na miaka minne akiwa amevunja kitu.

Nilisema, "Siku nyingi zimepita. Sikumbuki vizuri."

Wakaandika. Wakanishukuru. Nikarudi jikoni.

Sasa nakuandikia ukweli na usiusome mbele ya mkeo. Sikuuacha mkanda nyuma kwa ajili ya mkono kuzoea. Mkono ulizoea siku ya kwanza. Kila nilipouchukua nilimwona Primus amesimama na hiyo picha, na mimi naendelea kula kwake, kuoga kwake, kuugua kwake. Nikauweka chini, nikachukua mwingine. Nikawa najiambia dawa iamue. Ikitoa, imetoa. Isipotoa, si mimi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na pasta sijamwambia.

Baba yako alikupa. Masale yalikuwa saba. Ulivaa shati la bluu la mistari, nikakuambia funga kifungo cha juu ukakataa, nikabonyeza. Nimeandika. Ukishasoma choma.

Mama


Masasi, 19 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Jino limeota.

Sijaichoma. Wala sitaipeleka kokote. Umemwambia mtu pekee ambaye hakuhitaji kuambiwa.

Mwezi uliopita nilimwambia mke wangu, nikifa nizikwe hapa Masasi, makaburi ya halmashauri. Nimeenda kuyaona. Ni pasafi. Hakuna mtu wa kwetu hata mmoja.

Dawa nyingine sitatuma. Mikanda imekwisha.

Isack


Marangu, 14 Aprili 2024

Isack,

Nimekaa na barua yako wiki saba. Sitakusalimia kwa niaba ya mtu, sijawaambia kama naandika.

Mtoto wa Marangu kuzikwa makaburi ya halmashauri. Nililisoma hilo nikashindwa kukamua, ng'ombe akalia mpaka jirani akaja.

Jumamosi baada ya Pasaka niliwaita sebuleni. Baba yako mdogo Jackson, Primus, Godbless, na mzee wa kanisa awe shahidi. Niliketi, sikusimama. Nikawaambia mume wangu alimpa Isack chini ya mfereji, masale saba, mimi ndiye niliyepiga picha, na Desemba nilidanganya. Nilisema yote, la shati nalo, la dawa pia, na la kuupeleka mkanda wako mwisho.

Nilidhani Primus atafoka. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole kama nimekunywa dawa zangu za presha.

Jackson ndiye aliyesema. "Shemeji, Desemba ulikuwa hukumbuki. Sasa unakumbuka mpaka kifungo cha shati? Nani amekukumbusha?" Kumbe wanajua barua zinakuja. Nikasema picha ilikuwepo. Akaniambia nimwonyeshe. Mkanda uko kwako, na ni mweupe.

Godbless alilia. Lakini machozi yake hayakuandikwa. Kilichoandikwa kwenye daftari la ukoo, nimekisoma kwa macho yangu haya, ni kwamba mama ni mzee na maneno yake yanabadilika, kikao cha Desemba kibaki kilivyo. Wakaniambia niweke sahihi. Nilikataa. Ni mara ya kwanza kumkatalia Primus kitu mbele ya watu, na haikubadilisha hata mstari mmoja. Jioni mkewe aliniletea chakula kama kawaida, akakikata vipande vidogo, kama cha mtoto.

Kwa hiyo kipande chako sikukipata, mwanangu. Ningesema siku ile wangeniamini. Nilikuwa na neno moja zima nikaliweka mpaka likaharibika. Sikuombi unisamehe, ungenisamehe haraka kwa vile mimi ni mama yako, na haingekuwa kweli.

Ila kuna kitu kimoja nimekifanya, nacho hakihitaji kikao. Jana nimekwenda ofisi ya usharika. Nimemwambia pasta, akaandika, na safari hii sahihi nimeweka. Nikifa sitaki kulazwa juu kando ya baba yako. Nichimbiwe chini ya mfereji, mstari wa tatu wa parachichi, pale ulipokuwa umesimama. Primus ameshaambiwa. Amekasirika kuliko siku ya kikao, na hapo ndipo nilipojua nimepagusa penyewe.

Masale waliyang'oa usiku mmoja. Kaburi la mama yao sijui kama watathubutu.

Mama yako,
Ndelilio